Ribesi au kuunganisha, CRLF au LF: tabia za Git za kuchagua unapochangia programu huria ya mifumo mingi

Mchango wangu wa kwanza kwenye programu huria ulikuwa wa mistari mitatu. Nilirekebisha hesabu moja kwenye faili ya C, nikaijaribu kwenye laptopu yangu ya Windows, ikakubali, nikatuma. Kesho yake mtunzaji wa mradi akanijibu: "Mbona umebadilisha faili nzima? Sioni ulichorekebisha." Nikafungua ukurasa wa tofauti. Faili yote ilikuwa imefutwa kwa nyekundu na kuandikwa tena kwa kijani, maneno yale yale, na mistari yangu mitatu imezama humo ndani. Kihariri changu kilikuwa kimegeuza alama za mwisho wa mistari, na Git yangu, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, nilikuwa nimeipanga isiguse kitu.

Tangu siku ile nina kipimo kimoja. Mtu wa upande wa pili, mwenye Linux au Mac au FreeBSD, akifungua kazi yangu, ataona kile nilichobadilisha na hicho tu? Na miaka mitatu baadaye mtu nisiyemjua akiuliza mstari huu uliwekwa kwa nini, historia itamjibu? Chaguo zote nilizolinganisha hapa nimezipima hivyo.

Nazungumzia Git kwa sababu ndiyo utakayoikuta karibu kila mahali. Hata Firefox, iliyokaa miaka mingi kwenye Mercurial, chombo kingine cha aina hiyo, ilihamia Git mwaka 2025. Lakini kumbuka ilikotoka: Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya kerneli, yaani kiini, ya Linux, na mpaka leo imebeba mazoea ya Linux. Inaamini kwamba `Sauti.h` na `sauti.h` ni faili mbili, kwamba faili ina ruhusa ya kuendeshwa au haina, na kwamba mstari huishia kwa LF, alama moja isiyoonekana. Anayeitumia nje ya Linux hugongana na imani hizo moja baada ya nyingine.

## Mwisho wa mstari: mpangilio wa mashine yako au faili ya mradi

Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF. Linux na macOS humaliza kwa LF peke yake. Kwa macho huoni tofauti, ila Git hulinganisha baiti kwa baiti, kwa hiyo yenyewe inaona.

Njia ya kwanza ya kulitatua ni `core.autocrlf`, mpangilio unaokaa kwenye mashine yako. Ukiweka `true`, Git huhifadhi LF kwenye hazina (mradi pamoja na historia yake) na kukutolea CRLF kwenye folda unayofanyia kazi. Ndivyo kisakinishi cha Git for Windows kinavyochagua usipobadilisha kitu. Ukiweka `input`, huondoa CR unapoingiza faili, lakini haiongezi chochote inapotoa. Ukiweka `false`, inapokea ulichompa na kukihifadhi hivyo hivyo.

Njia ya pili ni faili ya `.gitattributes` inayokaa ndani ya mradi wenyewe:

```
* text=auto
*.sh  text eol=lf
*.bat text eol=crlf
*.png binary
```

Mpangilio wa `autocrlf` unajua mashine moja tu. Mradi wenye wachangiaji arobaini unaotegemea `autocrlf` unategemea watu arobaini wakumbuke jambo lile lile, na mmoja akisahau, wote wanalipa. Faili ya `.gitattributes` husafiri na hazina, na pale yanapopingana, yenyewe ndiyo inayoshinda mpangilio wa mashine. Kwa mradi, hakuna mjadala: `.gitattributes`.

Kwa mchangiaji mmoja mambo ni tofauti kidogo. Kama mradi tayari una faili hiyo, usiguse kitu. Kama hauna, weka `true` kwenye Windows au `input` kwenye Mac na Linux, kisha endelea na kazi iliyokuleta. Usiiongeze `.gitattributes` ndani ya ombi la kuunganisha (pull request) lile lile la kurekebisha hitilafu. Ipendekeze peke yake, na kama watunzaji wakikubali, usawazishaji wa faili za zamani kwa `git add --renormalize .` uwe komiti (hatua moja iliyohifadhiwa kwenye historia) ya pekee, kwenye wakati watakaouchagua wao, maana utagusa faili nyingi na kugongana na kila ombi lililo wazi.

Thamani ya `false` kwenye Windows inapendwa na wazoefu wengi, wanaotaka kuona baiti zilivyo bila Git kuwagusia. Wana hoja. Lakini inamtaka mtu ambaye kihariri chake kimefungwa kwenye LF na anayejua kila chombo kinachoandika kwenye folda yake. Kwa anayeanza siipendekezi. Ndiyo iliyoniponza.

Mstari wa `*.sh` kwenye mfano wa juu si pambo. Skripti ikitolewa na CRLF kwenye Windows, halafu ikapakiwa kwenye kontena la Linux, mfumo husoma mstari wa kwanza na kutafuta programu iitwayo `/bin/sh` yenye CR mwishoni. Programu hiyo haipo. Ujumbe wa kosa husema faili haikupatikana, nawe unaiona ipo hapo hapo. Nimepoteza mchana mzima kwa hilo. Na `.bat` nazo zinataka kinyume chake, CRLF.

Ukitumia WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, chagua upande mmoja. Hazina iliyonakiliwa kwa Git ya Windows ikifunguliwa na Git ya Linux kupitia `/mnt/c` huonekana kana kwamba kila faili imebadilika: mwisho wa mistari ni ule wa Windows. Ukikomiti ukiwa kwenye hali hiyo, unamtwisha mkaguzi mabadiliko ya mwisho wa mistari ya mradi mzima. Nakili hazina mpya ndani ya folda ya nyumbani ya Linux yenyewe. Kasi nayo ni kubwa zaidi huko.

## Kuunganisha, ribesi au kubana

Tawi kuu la mradi limesonga mbele wakati wewe ungali kwenye tawi lako. Njia ni tatu: kuunganisha kwa `git merge`, kuhamishia komiti zako juu ya msingi mpya kwa `git rebase`, ambayo naiita ribesi, au kuzibana zote ziwe moja.

| | Kuunganisha | Ribesi | Kubana |
|---|---|---|---|
| Komiti zako | hubaki zilivyo, na ya muungano huongezeka | huandikwa upya moja moja | huwa moja |
| Namba za utambulisho | hazibadiliki | hubadilika zote | mpya, moja tu |
| Migongano | huitatua mara moja | yaweza kurudi kwenye kila komiti | mara moja |
| Kusukuma tena | kwa kawaida | kwa nguvu | kwa nguvu, ukibana mwenyewe |
| Kusaka hitilafu kwa `git bisect` | matawi huchanganya msomaji | huonyesha hatua ndogo | huishia kwenye komiti kubwa |

Kabla ya kuchagua, tenganisha maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza: nifanye nini ndani ya tawi langu? La pili: mtunzaji atalileta vipi tawi langu kwenye tawi kuu? Mradi wa Rust, lugha ya programu, unaonyesha vizuri kwamba majibu yanaweza kupishana. Haukubali komiti za muungano ndani ya ombi la mchangiaji, unataka ribesi. Lakini roboti yake ikileta kazi hiyo kwenye tawi kuu huunganisha. Godot, injini ya michezo inayojengwa kwa Windows, macOS, Linux, Android na zaidi, humwomba mchangiaji abane kazi yake iwe komiti moja, kisha nayo huunganisha.

curl, chombo cha kuhamisha data mtandaoni, ni kisa kingine. Historia yake ni mstari ulionyooka, na watunzaji huweka kazi yako juu ya tawi kuu kwa ribesi na kuisukuma wenyewe. Matokeo yake ni kwamba ombi lako laweza kuonekana "limefungwa" badala ya "limeunganishwa", na mgeni akaumia moyo akidhani amekataliwa, kumbe kazi yake imo na jina lake limo. Tazama historia kabla ya kukata tamaa. LibreOffice na Qt hutumia Gerrit, jukwaa la ukaguzi wa msimbo, ambako kila komiti hukaguliwa peke yake, na mstari wa `Change-Id` kwenye ujumbe ndio unaofunga toleo la kwanza na la pili la kazi ile ile. Huko kurekebisha komiti iliyopo kwa `git commit --amend` ndio utaratibu. Ukiongeza komiti ya pili ya "marekebisho" unafungua ukaguzi mwingine kabisa.

Kerneli ya Linux imejaa miungano, kwa kuwa Torvalds huvuta kazi kutoka kwa wasimamizi wa sehemu mbalimbali, na amewasisitizia kwa miaka mingi wasifanye ribesi kwenye tawi ambalo tayari liko hadharani na wengine wamejenga juu yake. Watu wa SQLite, programu ya hifadhidata, wamekwenda mbali zaidi. Wanatumia Fossil, chombo alichokiandika mwanzilishi wao, D. Richard Hipp, mwenyewe, na Fossil haina ribesi kwa makusudi. Hoja yao ni kwamba historia iseme kilichotokea.

Hoja hiyo naiheshimu, na kwenye programu ya mifumo mingi ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Ukifanya ribesi ya komiti tano, zote tano sasa zinakaa juu ya msingi ambao hukuzijaribia. Majaribio ya kiotomatiki ya mradi kwa kawaida huendeshwa juu ya komiti ya mwisho tu. Zile nne za katikati hazijawahi kujengwa kwenye macOS wala popote. Baada ya mwaka, mtu anayesaka hitilafu kwa `git bisect` anaangukia mojawapo, haijengeki, na msako unapofuka.

Pamoja na hayo nachagua ribesi kwa tawi langu, kwa sharti mbili. Komiti ziwe chache, na kila moja ijengeke. Git inakusaidia kwa hilo la pili:

```
git rebase -x "make test" main
```

Amri hiyo huendesha majaribio baada ya kila komiti na kusimama inapokutana na iliyovunjika. Chukua muda wa chai, iache ifanye kazi.

Wakati wa ukaguzi nabadili mwendo. Mtunzaji akishaanza kusoma, siandiki upya alichokisoma. Naongeza komiti ndogo kwa `git commit --fixup`, ili aone kilichobadilika tangu maoni yake, na akisharidhika ndipo nazikunja mahali pake kwa `git rebase -i --autosquash`. Kama mradi unataka ribesi kila mara, `git range-diff` huweza kulinganisha toleo la kwanza na la pili la mfululizo wako, na matokeo yake unaweza kuyabandika kwenye maelezo ya ombi.

Kusukuma kwa nguvu baada ya ribesi, tumia `--force-with-lease` badala ya `--force`. Ya pili hufuta chochote ilichokikuta. Ya kwanza hukataa ikiwa tawi la kule limebadilika tangu ulipochota mara ya mwisho, kwa mfano mtunzaji amekuongezea komiti kwenye tawi lako. Tahadhari moja: vihariri vingine huchota chinichini bila kukuambia, na ulinzi huo ukalegea. Ongeza `--force-if-includes`, iliyopo tangu Git 2.30.

Kubana kunafaa pale komiti zako zinaposema "jaribu tena", "sasa itakubali", "rekebisha Mac". Hakuna atakayenufaika nazo. Usibane, hata hivyo, unapobadilisha jina la faili na yaliyomo kwa pamoja. Git haiandiki popote kwamba faili imebadilishwa jina. Hukisia kwa kufanana kwa yaliyomo, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 50. Ukihamisha faili na kuiandika upya ndani ya komiti moja, itaonekana moja imefutwa na nyingine imezaliwa, na historia yake inakatika hapo. Hamisha kwanza, komiti. Badilisha baadaye, komiti ya pili. Kwa mradi unaobana kila ombi, hayo yawe maombi mawili.

## Ujumbe wa komiti

Linganisha hizi mbili. Nimeziandika kwa Kiswahili, ingawa miradi mingi itazitaka kwa Kiingereza:

```
Rekebisha kosa
```

```
sauti: zuia kukwama unapofunga kifaa kwenye Windows

Uzi wa kucheza ulikuwa ukingoja ishara ambayo Windows
haitumi kifaa kikichomolewa. Linux na macOS haziathiriki.
Nimejaribu kwenye Windows 11 na Ubuntu, sina Mac.
```

Mstari unaotaja mifumo uliyojaribu, na ule usionao, una thamani kubwa kuliko yote hapo. Mtunzaji akijua huna Mac atamwomba mwenye Mac. Usipomwambia atadhani umejaribu. Kukiri hivyo hakukushushii hadhi hata kidogo.

Kuna `-s` na `-S`, na hukosewa kila siku. Ya herufi ndogo huongeza mstari wa `Signed-off-by`, yaani unathibitisha kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. Kerneli ya Linux iliuanzisha utaratibu huu mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kufungua kesi kuhusu nani anamiliki msimbo. Ya herufi kubwa ni saini ya kriptografia. Mradi ukitaka ya kwanza, ya pili haitoshi. Na barua pepe utakayoweka hapo itabaki hadharani daima, basi chagua anwani usiyojali ionekane.

## Majina ya faili

Hapa chaguo ni rahisi: herufi ndogo zote, bila nafasi, bila nukta mbili, na njia fupi. Windows na Mac, kwa mpangilio wao wa kawaida, hazitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina. Ukiandika `#include "Sauti.h"` wakati faili ni `sauti.h`, kwako itajengeka na kwa mwenye Linux itakataa. Kubadilisha ukubwa wa herufi ya jina kwenye mifumo hiyo, pita hatua mbili: `git mv Picha.png tmp.png`, kisha `git mv tmp.png picha.png`.

Kerneli ya Linux ina jozi ya `xt_MARK.h` na `xt_mark.h` kwenye folda moja, na kiendeshi cha nouveau kina faili iitwayo `aux.c`, jina ambalo Windows imelitenga tangu enzi za DOS pamoja na `con`, `nul` na `prn`. Kerneli haikusudiwi kujengwa kwenye folda ya kawaida ya Windows, kwa hiyo inavumilika. Programu yako inayodai kukubali mifumo yote haina udhuru huo.

Na jambo hili limewahi kuwa la usalama. Desemba 2014 Git ilitoa marekebisho ya dharura, CVE-2014-9390: hazina yenye folda iitwayo `.GIT` iliweza, kwenye Windows na Mac, kuandika juu ya folda ya ndani ya `.git` na kuendesha amri za mvamizi.

Takataka za mfumo wako, kama `.DS_Store` za Mac, zizuie kwenye orodha yako binafsi kupitia `core.excludesFile`. Faili ya `.gitignore` ya mradi ni ya vitu ambavyo mradi wenyewe huvizalisha.

## Kunakili hazina kwa bando

Anayenakili hazina kubwa kwa bando la simu anajua maumivu haya: `git clone` ikikatika katikati, haiendelei ilipoishia. Unaanza upya, na MB zilizokwenda zimekwenda.

Chaguo ni tatu. Nakala kamili ni bora ukiwa na waya au mtandao wa kazini. Nakala fupi, `--depth 1`, ndiyo nyepesi kuliko zote, lakini haina historia: `git blame` itadanganya kwa kumtaja mtu mmoja kwa kila mstari, `git bisect` haitakuwa na pa kutafuta, na ribesi itashindwa kupata mahali matawi yalipoachana. Nakala ya sehemu, `--filter=blob:none`, huleta komiti zote bila yaliyomo ya zamani, kisha huyachota pale unapoyahitaji. Historia unaisoma yote, ila ukiwa nje ya mtandao baadhi ya amri zitakwama.

Kwa mchangiaji wa kudumu nachagua nakala ya sehemu. Kwa marekebisho ya siku moja kwenye nyaraka, `--depth 1` inatosha kabisa. Na kama mtandao wako hukatika, anza na fupi, halafu ichimbe kidogo kidogo:

```
git clone --depth 1 <anwani>
git fetch --deepen=500
git fetch --deepen=500
git fetch --unshallow
```

Kila hatua iliyokamilika inabaki kwenye diski. Umeme ukikatika kwenye hatua ya tatu, mbili za kwanza bado ni zako.

## Ombi la kuunganisha au kiraka kwa barua pepe

Wengi watatuma ombi la kuunganisha kupitia tovuti, na sina la kuongeza. Lakini kerneli ya Linux, na Git yenyewe, bado hupokea viraka, yaani faili zinazobeba mabadiliko tu, kwa barua pepe. Ukiwa kwenye Windows PowerShell 5.1, usiandike `git diff > kiraka.patch`. Alama ya `>` huko huandika kwa UTF-16, na atakayepokea hataweza kukitumia. Tumia `git format-patch`, inayoandika faili yenyewe, na itume kwa `git send-email`. Kubandika kiraka ndani ya ukurasa wa barua pepe huvunja nafasi za mwanzo wa mistari.

## Faili za binari

Picha, sauti, faili za majaribio zilizobanwa: kuziweka kwenye Git au kuweka skripti ya kuzitengeneza? Kabla ya 2024 ningejibu kwa kuangalia ukubwa tu. Kisha, tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund alitangaza mlango wa siri ndani ya xz, chombo cha kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, alioufikia kwa kufuatilia kwa nini kuingia kwa SSH kulichelewa kwa karibu nusu sekunde. Msimbo wenyewe ulikuwa umefichwa ndani ya faili za binari zilizoitwa za majaribio. Kipande cha kuuamsha kilikuwa kwenye furushi la toleo na hakikuwa kwenye Git.

Mkaguzi hawezi kusoma tofauti za binari. Sasa, pale inapowezekana, naleta skripti inayoitengeneza faili ya jaribio badala ya faili yenyewe. Isipowezekana, naandika kwenye ujumbe ilitengenezwa kwa amri gani na kwa toleo gani la chombo, ili mtu mwingine aizalishe mwenyewe na kulinganisha.

## Tafsiri: Weblate au faili ya PO mkononi

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice kwa Kiswahili, na hadi leo tafsiri ni mlango ambao Mswahili anaweza kuingilia programu huria bila kujua C wala Python.

Ukitafsiri kupitia Weblate, tovuti ya kutafsiria inayotumiwa na LibreOffice na Godot, hunakili hazina yoyote; jukwaa lenyewe hukomiti kwa jina lako. Upungufu wake ni kwamba unaona sentensi moja moja, na ni rahisi menyu moja ikasema "faili" na nyingine "jalada". Ukishika mwenyewe faili ya PO, ile inayobeba sentensi za programu na tafsiri zake, unaweza kutafuta neno kwenye tafsiri nzima na kulisawazisha kwa mara moja, lakini Git yote iliyoelezwa hapo juu inakuwa juu yako. Mgeni aanze na Weblate. Anayesimamia istilahi za programu nzima achukue PO. Msichanganye njia mbili kwa wakati mmoja kwenye lugha moja, kwa sababu kuunganisha PO mbili zilizobadilika ni kazi ya kuchosha inayokula tafsiri za watu.

Na PO ina mtego ule ule ulioninasa mimi. Vihariri vya PO huweza kukunja upya mistari mirefu na kusasisha maoni yanayotaja namba za mistari ya msimbo, yale ya `#: src/menu.c:412`. Umetafsiri sentensi ishirini, na tofauti inaonyesha mistari elfu mbili. Kabla ya kukomiti endesha `git diff --stat`. Namba ikikushangaza, zima ukunjaji wa mistari kwenye kihariri, au pitisha faili kwenye `msgcat` kwa upana ule ule mradi unaoutumia, uangalie tena mpaka zibaki zile ishirini.